Ushabiki, Ubabe na Haki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Haya ni maswali yanayorudi kila wiki kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, kwenye vibanda umiza vya kutazamia mpira vya Makorora na kwenye foleni ya geti la uwanja wa Mkwakwani. Hayahusu nani kafunga. Yanahusu kwa nini tukianza na mpira tunaishia kwenye habari za nchi kubwa na nchi ndogo, nani anabebwa na nani anaonewa. Majibu ni yangu. Mimi ni shabiki wa Coastal Union, timu ya hapa Tanga, tangu utoto, na sitajifanya sina upande.

Mpira ni mchezo tu. Kwa nini mnauchanganya na mambo ya mataifa?

Ulichanganywa zamani, wengi wetu hatujazaliwa. Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa England bila timu hata moja ya Afrika. FIFA ilitenga nafasi moja tu igombewe na Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Nchi za Afrika, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mbele, zikaona huo ni uonevu zikajitoa. Ilipofika 1970 bara likapewa nafasi yake lenyewe, na Morocco ikaenda Mexico. Kwenye Kombe la timu 48, Afrika imepewa nafasi 9 za moja kwa moja. Vipaji peke yake visingeleta nafasi hizo. Zililetwa pia na watu waliogoma wakijua kabisa kwamba wao wenyewe hawatacheza.

Je, ilikuwa haki Filbert Bayi kukosa Olimpiki ya 1976?

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumwachia mtu, mbio ambazo wajuzi wa wakati ule walisema haziwezekani kwa umbali huo. Aliyemfuata ni John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wake. Kila mpenda riadha akaanza kuhesabu siku wakutane tena Montreal.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipopigwa risasi. Afrika ikataka New Zealand iondolewe Montreal, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa. Nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zikasusa, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Walker akachukua dhahabu.

Naamini Mwalimu Nyerere alikuwa sahihi. Lakini anayesema hivyo aseme pia ni nani aliyelipa. Waziri hakulipa kitu, balozi hakulipa kitu. Alilipa kijana wa Karatu aliyekuwa kwenye miaka yake bora ya kukimbia, na miaka hiyo hairudi. Huwa nakereka nikisikia mtu anausifu msimamo wa 1976 bila kulitaja jina la Bayi.

Sehemu ya pili ya habari hii vijana wengi hawaijui. Mwaka 1980 Marekani ilitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti waliingia Afghanistan. Rais Carter akamtuma Muhammad Ali aje kuwashawishi Waafrika, akashukia Dar es Salaam. Waandishi wakamuuliza mbona Marekani haikuwaunga mkono Waafrika 1976. Ali, mtu tuliyempenda kuliko bondia yeyote, hakuwa na jibu, kwa sababu waliomtuma hawakumweleza. Mwalimu hakumpokea. Tanzania ikaenda Moscow, Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5000. Mpaka michezo ya Paris 2024 hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata.

Wakati wa Soweto tulisusa kwa hiari yetu na tukaumia. Miaka minne baadaye mwenye nguvu ambaye hakusikia kilio chetu alitaka tususe kwa ajili yake. Nikifikiria hilo naelewa kwa nini mpaka leo Mtanzania hapendi kuamriwa nani wa kumshangilia.

Kwa nini mtu wa Tanga avae jezi ya Simba au Yanga siku inapocheza na Coastal, tena Mkwakwani?

Siku moja ya hizo timu mbili inapokuja, tangu asubuhi bendera zake zinapepea Ngamiani kwenye barabara zenye namba, kuanzia vibanda vya chipsi mpaka vijiwe vya bodaboda. Mgeni akishuka stendi anaweza kudhani yupo Kariakoo. Mechi moja ya namna hiyo nilikaa jukwaa la mzunguko nyuma ya jamaa aliyezaliwa Chumbageni na kusoma Usagara, amevaa jezi ya wageni. Coastal wakipata kona anakunja mikono. Coastal wakifungwa anainuka na kumkumbatia mtu asiyemjua. Kipindi cha pili mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya boksi, refa akapeta. Nikamgusa bega nikamuuliza, ndugu yangu, ile si penalti? Akanijibu bila kigugumizi kwamba ni penalti, tena ya wazi, ila timu ndogo zikipewapewa zitazoea.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko matokeo ya mechi. Jamaa aliiona haki kwa macho yake mawili, hakuwa na shaka nayo. Alichoona ni kwamba haki ile haikutuhusu sisi.

Historia ina sehemu yake. Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, zote Dar es Salaam, na redio ya taifa ikazifikisha kila kijiji chenye betri. Tanga nayo haikuwa nyuma: African Sports, wana Kimanumanu, ni ya 1936 vilevile, na Coastal, Wagosi wa Kaya, ni ya 1948. Mwaka 1988 Coastal ilichukua ubingwa wa Tanzania, na wazee wa mji huu mpaka leo wanaweza kukutajia kikosi kile kwa mpangilio wa namba za mgongoni. Baada ya hapo pesa na kamera zikahamia upande mmoja. Tangu 2001 hadi msimu wa 2024/25, klabu pekee nje ya Simba na Yanga iliyochukua Ligi Kuu ni Azam, msimu wa 2013/14.

Kwa hiyo kijana wa Tanga mwenye miaka 20 hajawahi kuiona timu ya mji wake ikiwa bingwa. Ajira ya kubahatisha, kodi ya chumba inamsubiri, kwa mwenye duka ana deni. Jumamosi anataka naye awe mshindi, na ushindi upo tayari kwenye jezi ya elfu chache. Asiye na nguvu popote ataazima nguvu ya mtu mwingine. Simchukii kwa hilo. Ninachomdai ni kimoja: akishaazima nguvu, asiazime na macho.

Klabu kubwa kuchukua wachezaji wetu, hiyo si dhuluma?

Si lazima iwe dhuluma. Mchezaji ana familia na maisha ya mpira ni mafupi. Dirisha la 2020 Coastal ilimpoteza Bakari Mwamnyeto kwenda Yanga, Ibrahim Ame kwenda Simba na Ayoub Lyanga kwenda Azam. Mwamnyeto akaja kuwa nahodha wa Yanga, nasi tukajivunia. Hata kocha Juma Mgunda, mtu wetu kabisa, Simba walimwita Septemba 2022, na hakuna aliyemwambia asiende.

Linaloniuma ni namna mambo yanavyopangwa. Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, tarehe 2 Julai 2022 pale Arusha. Coastal ilitoka sare ya 3-3 na Yanga, mabao yote matatu yetu akifunga Abdul Suleiman "Sopu", halafu tukatolewa kwa penalti. Mwenye hat-trick ya fainali hakubaki Tanga hata msimu mmoja zaidi, Azam wakamchukua. Mwaka 2024 likaja sakata la beki Lameck Lawi: Simba wakatangaza wamemsajili, Coastal wakasema masharti ya malipo hayakutimizwa, pande mbili zikavutana mpaka kwenye kamati za TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. Nani alikuwa na haki kwenye karatasi ni kazi ya kamati. Mimi nilisikiliza watu wa hapa mjini. Wengi hawakuuliza mkataba unasemaje. Waliuliza Coastal ni nani hata aikatalie Simba. Hao ni watu wa Tanga wakizungumzia timu ya Tanga.

Ukitaka kujua mji unauonaje ukubwa, sikiliza unavyoizungumzia timu yake ndogo inapodai chake.

Ile shuti ya Aziz Ki lilikuwa goli?

Ndiyo, kwa macho yangu. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Mamelodi Sundowns na Yanga. Shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba wa juu, likadunda chini, likatoka. VAR, yaani marefa wa video, ilikuwepo uwanjani na goli halikukubaliwa. Mechi ikaisha 0-0 kama ile ya Dar es Salaam, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Nilikuwa kwenye kibanda umiza. Marudio yalipooneshwa, mtu mmoja alipanda juu ya benchi akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, hasa pale penye mstari, akakishikilia mpaka picha ikabadilika. Nyuma yetu mashabiki wa Simba walikuwa wanacheka kwa furaha. Baada ya dakika chache mmoja wao, mtu mzima, akasema kwa sauti ya chini kwamba lile ni goli. Wenzake wakamzomea. Nikamheshimu kuliko wote mle ndani, nikiwamo mimi ambaye sikuwa na cha kupoteza kwa upande wowote.

Watu huongeza kwamba rais wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, tangu 2021 ni Patrice Motsepe, aliyekuwa mmiliki wa Sundowns, na kwamba klabu hiyo sasa inaongozwa na mwanawe. Hayo ni kweli. Kwamba aliagiza lolote, sina ushahidi, na sitamzulia mtu. Lakini mfumo unaoruhusu mkuu wa mashindano awe na damu yake kwenye timu shindani hauwezi kulalamika watu wakiwa na mashaka. Hata mwenyekiti wa mtaa, kesi ikimhusu mwanawe, hutakiwa akae pembeni.

Mwaka 2022 tuliishangilia Morocco kama ndugu. Sasa mbona tunaichukia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linatuonesha sisi zaidi ya Wamorocco.

Desemba 2022 Morocco iliitoa Hispania kwa penalti, ikaifunga Ureno 1-0, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tanga ilikuwa nayo mwanzo mwisho. Wengine waliishangilia kwa Uafrika, wengine kwa Uislamu, wachezaji wakisujudu uwanjani na mama zao wakishuka kuwakumbatia. Wengine waliona mtawaliwa anamsumbua mtawala: Hispania na Ufaransa ndizo zilizoigawana na kuitawala nchi ile mpaka 1956. Ufaransa ilipoifunga 2-0 kwenye nusu fainali, kuna watu hawakumaliza chai zao.

Halafu Januari 2024 tukakutana nayo AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast, tukafungwa 3-0. Kocha wetu, Adel Amrouche, alikuwa amesema Morocco ina sauti kubwa mno kwenye uendeshaji wa mpira wa Afrika. CAF ikamfungia mechi nane, TFF ikamsimamisha, na aliyepewa timu ni Hemed Suleiman, ambaye kwa bahati jina lake la mpira ni "Morocco". Mei 2025 Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane: ikapoteza 2-0 ugenini, na mechi ya marudiano CAF ikaitoa Uwanja wa Mkapa kwa sababu ya hali ya nyasi, ikapelekwa Amaan, Zanzibar, ikaisha 1-1. Agosti 22 mwaka huohuo Morocco ikatutoa kwenye robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, 1-0, tena nyumbani kwetu. Januari 2026 ikatutoa tena, hatua ya 16 ya AFCON, Rabat, goli la Brahim Díaz, na dakika za mwisho tukililia penalti ambayo refa hakuitoa.

Sasa tenganisha mambo. Pale Mkapa kwenye CHAN hatukuonewa. Tulizidiwa na nchi iliyojenga akademia ya Mohammed VI, viwanja na makocha kwa miaka mingi huku sisi tukibishana. Nguvu ya namna hiyo ni halali na inafaa kuigwa. Rabat ni habari nyingine: pale ningependa refa angalau akaiangalie picha. Na nguvu ya vikao ni ya tatu. Rais wa shirikisho lao, Fouzi Lekjaa, ana kiti kwenye vikao vya juu vya CAF na FIFA. Aprili 2024 Berkane ilikwenda Algiers na jezi zenye ramani ya Morocco iliyoimeza Sahara Magharibi. Algeria ikazizuia, mechi haikuchezwa, CAF ikaipa Berkane ushindi wa 3-0 wa mezani. Jezi ile haikuwa kitambaa tu, ilikuwa madai ya ardhi ya watu wengine, na mashirika ya mpira yanayotuambia kila siku tusilete siasa uwanjani yakaibariki.

Anayeyaweka haya matatu kwenye kapu moja na kusema tu "wanabebwa" anawasaidia wabebwaji. Malalamiko ya kweli yanapotea kati ya yale ya uongo.

Na ukweli mwingine: Morocco haikubadilika sana kati ya 2022 na 2026. Tulikokaa sisi ndiko kulikobadilika. Kule Doha, kwenye Kombe la Dunia, ilikuwa ndogo mbele ya Ulaya, tukaipenda. Kule Rabat ilikuwa kubwa mbele yetu, tukaichukia. Mapenzi yetu kwa mnyonge ni ya kweli kabisa, ila huwa tunahakikisha kwanza kwamba si sisi tunaomkandamiza.

Na sisi tumewahi kuwa wakubwa wenyewe?

Ndiyo, na hapa baraza hunyamaza. Machi 2017, mjini Addis Ababa, Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama wa 55 wa CAF. Julai mwaka huohuo CAF ikaubatilisha uanachama ule ikisema Zanzibar si nchi inayojitegemea. Desemba, kwenye Kombe la Chalenji nchini Kenya, Zanzibar Heroes wakatufunga Bara 2-1 na kufika fainali, wakakosa kombe kwa penalti tu mbele ya wenyeji.

Nusu ya Tanga ina ndugu Pemba. Tunawajua. Na bado hasira niliyoisikia mjini kwa goli moja la Aziz Ki ilizidi mara nyingi ile niliyoisikia nchi nzima ya wapenda mpira iliponyang'anywa kiti baada ya miezi minne. Hoja za kikatiba zipo, sizibezi, na mtu anaweza kuamini kwa nia njema kwamba Muungano mmoja uwe na timu moja. Lakini aliyeamini hivyo angeweza kusikitika nao. Kusikitika hakuvunji Muungano.

Suárez alidanganya, au aliokoa nchi yake?

Vyote viwili. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, dakika ya mwisho ya nyongeza, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa unaingia golini. Akapewa kadi nyekundu, Asamoah Gyan akagonga mwamba kwa penalti, Uruguay ikapita kwa mikwaju. Sheria ilifuatwa neno kwa neno na bado Afrika nzima ilihisi imeibiwa, kwa sababu adhabu haikulingana na kilichozuiwa. Ningetaka sheria ihesabu goli la namna ile.

Ila nimewasikia wanaomlaani Suárez wakimsifu Maradona kwa goli lake la mkono la 1986 dhidi ya England. Wanasema England ilistahili, miaka minne tu ilikuwa imepita tangu vita vya Falklands. Hapo mkono si tatizo tena, tatizo ni mkono wa nani. Fikra hii haiishii uwanjani. Mwaka 2015 Nape Nnauye, wakati huo mwenezi wa CCM, alisema chama chake kitashinda hata kwa bao la mkono, na nchi nzima ilielewa bila kutafsiriwa. Kuna waliokasirika na kuna waliocheka. Ningependa tungekasirika wote, wa chama chochote.

Kushangilia timu za England ni utumwa wa mawazo?

Hapana. Mpira mzuri ni mpira mzuri, na mtu aliyelelewa na Arsenal ya Kanu na Henry hana deni kwa yeyote. Lakini ujue pesa inatoka wapi. Jezi ya Arsenal ilibeba tangazo la kuitembelea Rwanda tangu 2018, na mapema 2025, Goma ilipokuwa imeangukia mikononi mwa waasi wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, serikali ya Kongo iliiandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain ikiziomba zivunje mikataba hiyo. Wakongo wapo mpaka hapa Tanga. Wanaiona jezi ile.

Na tuwape Waingereza sifa yao: Aprili 2021, klabu 12 tajiri za Ulaya zilipotaka kujitenga na kuanzisha ligi yao isiyo na kushuka daraja, mashabiki wa klabu zilezile ndio waliojaa barabarani kupinga, na mpango ukafa ndani ya siku chache. Waligoma kupewa upendeleo. Sijawahi kuona shabiki wetu wa timu kubwa akigomea upendeleo.

Mbona Urusi ilifungiwa na wengine hawafungiwi?

Urusi ilifungiwa na FIFA na UEFA tarehe 28 Februari 2022, siku chache baada ya kuivamia Ukraine. Naona ilikuwa sawa. Marekani iliivamia Iraq 2003 na haikukosa mechi hata moja. Wapalestina walipeleka ombi lao FIFA Mei 2024 kuhusu Israeli, likazungushwa kwenye kamati. Wapo wanaosema basi Urusi nayo iachiwe. Mimi nasema kinyume chake. Makaburu walifungiwa, na ilisaidia. Kanuni nzuri iliyotumika kwa mmoja inatakiwa iwafikie na wengine.

Pesa ya goli la Mama ni sawa?

Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli kwa Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2023, na baadaye kiasi kikapanda. Hamasa iliongezeka, sikatai. Lakini zilizofika mbali Afrika ni zilezile mbili, kwa hiyo pesa ilikwenda palepale ilipokuwa nyingi. Coastal ilimaliza ya nne msimu wa 2023/24, ikapata tiketi ya Afrika, ikatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Ningeomba sehemu ya fungu hilo iende kwenye viwanja vya mikoani na timu za vijana.

Na mikeka?

Kamari inaharibu macho upesi kuliko ushabiki. Mwenye mkeka hana timu wala haki, ana matokeo tu. Sina zaidi.

AFCON 2027 ikija kwetu tutafanya nini?

Tutakuwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Mkwakwani haimo kwenye viwanja vilivyopangwa, kwa hiyo wa Tanga tutasafiri: Dar es Salaam, Arusha au kuvuka maji kwenda Amaan. Kwa wiki chache yale tuliyoyalalamikia Rabat yatakuwa mikononi mwetu: kelele za uwanja mzima kwenye sikio la refa, ratiba, usafiri, viti vya wageni. Ningependa mashabiki wa timu ndogo watakaokuja wapewe viti vizuri, wasisukumwe kwenye kona yenye jua. Na mchezaji wetu akijiangusha, jukwaa lisilie penalti. Najua hili la pili ni gumu.

Kenya ikicheza, tuishangilie au tufurahi ikifungwa?

Swali la watu wa Horohoro, mpakani, na la kila mwenye shangazi Mombasa. Kuna Watanzania wanaoiona Kenya kama kaka mwenye kiburi cha pesa na Kiingereza, wakafurahi akianguka. AFCON ya 2019 walitufunga 3-2 pale Cairo baada ya sisi kuongoza mara mbili, na maneno yaliyovuka mpaka usiku ule hayakuwa mazuri kwa pande zote.

Agosti 2025, kwenye CHAN, Kenya iliifunga Morocco 1-0 Kasarani. Hapa kibandani watu walisimama juu ya mabenchi. Siku kumi na mbili baadaye, Agosti 22, Kenya ikatolewa na Madagascar kwa penalti, na saa chache tu baada yao nasi tukatolewa na Morocco. Usiku huo shangazi alipiga simu kutoka Mombasa kutupa pole, nasi tukampa yake. Kwa hiyo mimi naishangilia Kenya, mechi zote isipokuwa ile moja.